Ukuta Uliosilibwa kwa Ajili Yangu

Mama yangu hakuacha picha. Iliyokuwepo ni ile ndogo ya kwenye kitambulisho, na hiyo ilichakaa kwa jasho na maji mpaka uso ukawa doa jeupe. Alifariki msimu wa palizi. Siku ya kuanua matanga nguo zake ziligawiwa kwa mashangazi, kama inavyofanyika kwetu Ihanja, na ungo wake na mitungi yake ikaondoka siku hiyohiyo. Mimi nilitaka kanga moja tu, ile ya kijani. Niliiona ikikunjwa na kuingizwa kwenye mfuko wa shangazi mdogo, nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Mimi si mtu wa kusema. Nilipokuwa shule ya msingi mwalimu aliniuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalijua, nikawa naangalia vidole vya miguu yangu mpaka mwenzangu anajibu. Nilimaliza darasa la saba hivyohivyo, na mpaka leo niko hivyo.

Kwa hiyo kitu kilichobaki cha mkono wa mama yangu, ninachokijua, kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa mbali, kwao alikozaliwa.

Baba yangu ni Mnyaturu. Mama alikuwa Mgogo wa kusini, ukipita Itigi, kabla hujafika Mitundu. Kijiji chao ni kidogo lakini kinajulikana kwa mambo mawili: kuta na zeze. Kila baada ya mavuno wanawake wa pale husiliba nyumba zao upya kwa udongo laini na kuzichora kwa udongo wa rangi, na wanaume hupiga zeze na marimba. Watu hutoka Manyoni, hata Singida mjini, kwenda kuangalia na kusikiliza. Mama alitueleza hayo mara nyingi tukiwa tunapukuchua mahindi. Na kila mara aliishia kwenye mchoro wake.

Alikuwa msichana, hajaolewa. Mama yake alikuwa amesiliba ukuta wa mbele wa tembe yao, udongo haujakauka, naye akachukua kijiti akamchora mwanamke aliyekaa chini, miguu ameinyoosha, ameegemeza zeze kifuani. Kwao mwanamke hapigi zeze. Mwanamke anapiga ngoma. Watu walipita wakacheka, babu akatoka akaangalia, akacheka kuliko wote, akasema uacheni. Mama akaolewa akaja kwetu. Tangu hapo, kila mwaka ukuta ukisilibwa, walisiliba kuzunguka ule mchoro.

"Wananiruka," mama alikuwa akisema, na hapo uso wake ulibadilika ukawa kama wa mtoto. "Wanasiliba weee, wakifika kwangu wananiruka."

Baada ya mazishi nilianza kuuwaza ule mchoro kila siku. Nilitaka kupitisha kidole changu kwenye ule mfereji mdogo ambao kijiti chake kilipita. Nilitaka hilo tu.

Tulipomaliza kupiga alizeti nilimpigia simu mjomba nikiwa dukani. Tulikuwa tumeonana msibani, kwa hiyo sauti yangu aliijua.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mjomba wangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nataka kuja kuwasalimia."

"Kuna jambo?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Niliona maneno yote yamejipanga: nataka kuona mchoro wa mama. Lakini niliona pia jinsi yatakavyosikika, kijana mzima anasafiri siku nzima kwenda kuangalia ukuta, na dukani pale watu walikuwa wananisikiliza.

"Hakuna jambo," nikasema. "Salamu tu."

"Basi karibu," akasema mjomba. "Karibu sana. Na sisi tutajiandaa."

Siku ya tano nilipanda basi alfajiri na kufika Itigi mchana. Pale nikachukua pikipiki. Dereva alikuwa kijana wa rika langu, amevaa koti zito kwa ajili ya upepo wa kipupwe, na hakuacha kuongea tangu tunaondoka.

"Unaenda kwa wachoraji?"

"Ndiyo."

"Kununua au kuangalia?"

"Kuangalia."

"Wote wanasema kuangalia. Wakirudi wamebeba vibuyu vya kuchorwa mpaka mimi mwenyewe sina pa kukaa." Tukaenda kidogo. "Mbona huongei? Wewe bubu au Mnyaturu?"

"Mnyaturu."

"Aa, basi pole," akasema, akacheka peke yake mpaka pikipiki ikayumba kwenye mchanga.

Kijiji kilijitokeza ghafla tulipomaliza vichaka. Sikuwahi kuona nyumba kama zile. Nyingine zilikuwa za bati, nyingine tembe zilizobakia, za paa bapa la udongo, lakini zote zilikuwa na rangi. Kulikuwa na ng'ombe weupe kwenye ukuta mwekundu, kuku waliofuatana kuzunguka dirisha, mistari ya majivu iliyopindapinda kama njia za nyoka. Kwenye mlango mmoja mtu alikuwa amechora pikipiki, na dereva wangu akapunguza mwendo akanionyesha kwa kidevu. "Hiyo ni yangu. Alinichorea mama mkwe wangu mtarajiwa. Anataka nioe haraka." Kutoka upande wa pili nilisikia zeze, sauti nyembamba inayokwaruza, na mtu akiimba nayo kwa chini kama anazungumza na ng'ombe.

Tembe ya babu nilijua ni ipi kabla sijaonyeshwa. Mama alikuwa amesema ina mti wa mkungugu pembeni na mlango unaotazama machweo. Niliteremka nikatembea moja kwa moja mpaka ukutani, hata sijabisha hodi.

Ukuta ulikuwa mpya. Ulikuwa laini kama umepakwa siagi, mweupe wote kuanzia chini mpaka kwenye paa la udongo, na juu yake maua mekundu na meusi, mengi, makubwa, yamepangwa vizuri. Nilitazama kushoto kwa mlango, pale mama aliposema. Palikuwa na maua. Nikatazama kulia, labda nimekosea. Maua. Nikaweka kiganja. Udongo ulikuwa bado una ubaridi wa maji.

Mke wa mjomba akatoka jikoni anajifuta mikono. Sikuwahi kumwona, lakini alinikumbatia kama amenilea.

"Mbukwa, mwanangu, mbukwa!" akanisalimia kwa Kigogo. "Tayari umeuona? Hata hujala umeshauona?" Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye sauti kubwa. Aliinua mikono yake akanionyesha. Vidole vilikuwa vimepasuka, na kwenye kucha udongo ulikuwa haujatoka. "Siku nne. Mjomba wako alipokata simu tu nikaenda kuchimba udongo. Nikachanganya na samadi, nikabandua ule wa zamani wote, wote kabisa, mpaka kwenye fito. Umependa?"

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umependa?"

"Ni mzuri."

Hapo akanieleza, huku ananivuta ndani, na mimi nilisikia kila neno ingawa nilitamani nisisikie. Kwao binti wa nyumba akifia ugenini, ukuta haubanduliwi mpaka mtoto wake aje. Mtoto akija, anasilibiwa ukuta mpya, na alama zote za mkono wa marehemu zinaondolewa, ili asije akasimama mlangoni akalia kabla hajakaribishwa. "Mama yako alikuwa na mchoro wake pale," akasema kwa sauti ya chini. "Miaka yote tuliuruka. Lakini wewe ungeuona ungelia, mwanangu. Tukasema asilie. Aje acheke, ale, asikilize zeze, arudi salama."

Nikasema asante. Nilisema kweli, nikala ugali, na mlenda, na kuku waliyenichinjia.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya mlango. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, anaona mwanga na kivuli tu. Alinishika mkono akaupapasa kuanzia kiganja mpaka begani.

"Huyu ndiye mume wangu?" akauliza. "Mbona mwembamba? Nilidhani nimeletewa mwanaume wa kulima, kumbe nimeletewa fito."

"Shikamoo bibi."

"Nani bibi yako? Mimi mkeo. Sema mke wangu, habari za siku nyingi."

Watoto wa mjomba wakacheka. Mimi uso ukanichoma. Bibi akaendelea kunishika mkono.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Watu walipotoka kanisani walikusanyika kwenye uwanja wa jirani, wazee wanne na zeze zao, vijana wawili na marimba, wanawake na ngoma zao ndogo wanazozibana katikati ya magoti. Walikuwepo pia wageni wengine wachache, wameshika simu kurekodi. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa anaongoza. Ni mtu mpole, lakini akishika upinde wa zeze anabadilika, shingo inanyooka, macho yanakuwa na ukali wa furaha. Aliimba kwanza nyimbo wanazozijua wote. Halafu akaanza kutunga palepale, kama wanavyofanya, na nikasikia wanawake wanacheka wakinitazama. Mke wa mjomba akainama akanitafsiria sikioni.

"Anasema mgeni wetu ameacha ulimi wake Ihanja, aliyeuokota aupeleke kwa kondakta."

Wanawake wakaitikia. Mwanamke mmoja mzee akasimama akanifuata anacheza, mabega yanatetemeka, akasimama mbele yangu akanisubiri nisimame. Nikatazama chini. Akasubiri. Nikajikunja nyuma ya bibi, na bibi akamwambia kwa sauti, "Mwache mume wangu, utamvunja."

Walicheka mpaka zeze ikasimama. Nilicheka pia. Nasema hivyo kwa sababu nikikumbuka siku zile mbili nahisi kama nililia tu, na si kweli. Lakini baadaye yule mwanamke mzee, alipokuwa anapumzika karibu yangu, alinitazama kidevu akasema, "Ni cha mama yake hiki. Alikuwa akikasirika anakibana hivyohivyo." Nikashindwa kumwuliza mama alikuwa akikasirika kwa nini. Nilitaka sana kujua. Nikaendelea kutazama mikono ya mjomba.

Asubuhi ya siku ya kuondoka niliamka mapema, jua ndiyo linatoka. Nilitoka nje nikamkuta bibi ukutani. Alikuwa amesimama kushoto kwa mlango, mkono mmoja ameegemea fimbo, na kiganja cha mkono wa pili kinatembea ukutani taratibu, kinapanda, kinashuka, kinarudi palepale. Vidole vyake vilikuwa vimefunguka kama vya mtu anayetafuta kitu kilichoanguka majanini. Nikajua. Kwa kuwa alikuwa haoni, ule mchoro alikuwa anausoma kwa mkono. Pengine kila asubuhi.

Nilikanyaga kijiti. Akashusha mkono haraka akauficha ndani ya kanga.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Mume wangu, umeamka na kuku."

Nikaenda nikasimama karibu naye. Pale, kwa sababu alikuwa hanioni, au kwa sababu nilikuwa nimeona mkono wake, ulimi wangu ukafunguka.

"Bibi, mimi nilikuja kuuona mchoro wa mama. Ndicho nilichokuja kufanya. Kitu chake kingine sina."

Alinigeuzia uso. Halafu akasema, "Ulimwambia mjomba wako?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Mtoto akiomba, tunaacha," akasema bibi. "Ndivyo ilivyo. Mtoto akisema niachieni, hakuna anayegusa. Wakasubiri uombe. Hukuomba. Mimi nikasema moyoni, basi mtoto hataki kuuona, na mimi nitauzuiaje usibanduliwe? Ni wa mama yake." Akaegemea fimbo. "Mkwe wangu alipoanza kubandua nilikuwa nimekaa hapa. Nilisikia vipande vinaanguka. Nikanyamaza, nikasema anayefanyiwa haya ni mtoto wa binti yangu."

Tukasimama wote wawili tunautazama ule ukuta, yeye kwa namna yake.

"Usimwambie mkwe wako," nikamwambia. "Amefanya kazi siku nne."

Bibi hakunijibu. Nikadhani amekubali. Lakini bibi yangu hakuwa mtu wa kunyamaza kama mimi, na kunyamaza kwake mara ile moja nadhani kulikuwa kumemchosha. Tulipokaa kunywa uji, mjomba, mkewe, bibi na mimi, akaweka kibuyu chake chini akasema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, "Huyu alikuja kumwona mama yake ukutani. Aliona haya kusema. Sasa mjue."

Mjomba aliniangalia, akaangalia uji.

"Kweli?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ungesema, mjomba wangu. Kwenye simu ungesema."

Akainuka akaingia ndani, akatoka na kisu, akaenda ukutani. Akachokora pembeni ya ua moja, polepole, kama anayemenya kitu cha mtoto. Udongo mpya ulitoka, chini yake ukatokea ufito. Akachokora tena pembeni. Ufito. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na mikono kichwani.

"Nilibandua wote," akasema. "Nilitaka ushike vizuri. Ule wa zamani niliumwaga kwenye shimo la kufyatulia tofali, nikauloweka, nikauchanganya na huu." Alisema bila kunitazama. "Umo humohumo."

Mjomba akaacha kisu. Akachukua kipande cha mkaa, akachuchumaa, akaanza kuchora kwenye ardhi ya uwanja uliofagiwa. "Alikuwa hivi. Miguu hivi. Zeze hapa, mkono hivi."

"Hakuwa na zeze," akasema bibi. "Unachora nini?"

"Zeze."

"Mtoto. Alikuwa amebeba mtoto kifuani. Kichwa cha mtoto kilikuwa hapa, cha mviringo. Nimekishika miaka mingapi?"

"Hicho cha mviringo ni kibuyu cha zeze, mama."

"Na ule mfereji mrefu uliotoka juu ya bega?"

"Mti wa zeze."

"Kanga," akasema bibi. "Ncha ya kanga ya kubebea. Mkwe, mwambie."

Mke wa mjomba aliangalia ule mchoro wa mkaa kwa muda. "Mimi sijui," akasema. "Mimi nilikuwa naruka tu. Kila mwaka nilifika pale, nikaangalia mipaka nisije nikaugusa, nikaruka. Sikuwahi kuangalia katikati."

Wote wakanigeukia, kama mimi ndiye ninayejua. Mama alisema zeze. Nilikuwa na uhakika alisema zeze. Lakini nilipofungua mdomo niliona kwamba mama alituambia akiwa ameshatuzaa, na msichana aliyeshika kijiti alikuwa mwingine, na mkono wa bibi ulikuwa umeugusa ule ukuta mara nyingi kuliko macho ya mtu yeyote. Nikafunga mdomo. Mjomba akafuta mkaa kwa nyayo.

Pikipiki ilikuja saa nne. Mjomba aliniaga nyumbani, akasema ana ng'ombe wa kupeleka kisimani. Bibi alinishika mkono kama siku ya kwanza, kuanzia kiganja mpaka begani, akaniambia nikirudi nirudi nimenenepa. Mke wa mjomba akabeba begi langu. Nilimwambia nitabeba mwenyewe, hakunipa.

Ni mwendo wa dakika kama kumi mpaka barabarani. Mwanamke yule ambaye tangu nifike alikuwa hajanyamaza hata wakati wa kutafuna, hakusema kitu njia nzima. Alitembea mbele yangu. Niliona visigino vyake, vimepasuka kama vidole vyake, na udongo mweupe kwenye nyufa. Nilijaribu kutunga sentensi. Nilitaka kumwambia kwamba kosa ni langu, kwamba maneno matano tu kwenye simu yangetosha, kwamba hata mama yangu angefurahi kusilibiwa ukuta kwa siku nne. Nilizipanga moja moja kama ninavyoandika sasa, taratibu, na kila nilipopata ya kwanza ya pili ilipotea.

Dereva alikuwa yuleyule. Alipotuona tulivyo akazima maneno yake, akashughulika na kufunga begi.

"Mama," nikasema.

Akageuka.

"Ukuta ni mzuri."

Ilikuwa kweli. Sijaona ukuta mzuri kama ule. Lakini nilipousikia usemi huo ukitoka mdomoni mwangu niliona uso wake unavyovunjika, na nikaelewa kwamba kwake hakuna neno baya zaidi ambalo ningeweza kulichagua.

Nilinyoosha mkono kumuaga. Watu wetu, mtu akiwa na mikono michafu, ametoka shambani au kuchinja, hakupi kiganja. Anakunja vidole anakupa kifundo cha mkono, unashika hapo. Mikono yake ilikuwa safi, aliinawa baada ya uji, nilimwona. Akakunja vidole akanipa kifundo.

Nikakishika. Dereva akawasha pikipiki, akasubiri, akaizima. Mimi na mke wa mjomba tulikuwa bado tumesimama hivyo.